Nguvu za Mwili na Mzigo wa Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Changamwe)



Tumeombwa tuseme habari za watu waliosifika kwa nguvu za mwili, na mafunzo tunayoweza kuyapata kwao. Sababu ya kuombwa mnaijua. Vijana wengi katika kazi yetu siku hizi hunyanyua vyuma jioni. Wengine hulipa katika majumba ya mazoezi, wengine hufanya nyuma ya nyumba kwa ekseli kuukuu na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Wazee wa gengi wakiwaona hucheka na kuuliza, "Sisi tuliochukua reli mabegani miaka yote hii, tuna haja gani na makopo yenu?" Vijana nao hujibu kwamba wazee hao hao ndio wanaoinuka kitini kwa kushika kiuno. Ubishi huu umefika hata kwenye chai ya saa nne, wala si ubishi wa bure, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalotuhusu sote tunaokula kwa mikono yetu. Je, kazi nzito ni mazoezi ya kutosha, au mazoezi ni kitu kingine?

Na tuanze na jirani yetu wa Uganda. John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Walango, akawa askari polisi. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Kabla yake hapana binadamu aliyepata kuzimaliza chini ya sekunde 48, wala Uganda haikuwa imepata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Tena alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji wa mbio zile hawaipendi kwa sababu kona zake ni kali.

Yeye na mwalimu wake, Mwingereza Malcolm Arnold, hawakuwa na vyombo vya fahari. Akii-Bua alivaa kizibao kilichotiwa madini ya risasi, uzito wake ratili 25 hivi, yaani kilo 11, akakimbia nacho kupanda vilima na kuruka viunzi. Hebu fikirini mnapanda kilima na kilo 11 kifuani, kisha mbele yako kuna kiunzi. Lakini siku ya Munich kizibao kile alikivua, na hapo ndipo tunapotaka mshike. Alikivaa kwa saa alizozipanga yeye na mwalimu wake, na saa ile ilipokwisha alikivua, akapumzika. Nguvu haziji wakati wa kunyanyua. Wakati wa kunyanyua mtu huchoka, na nyuzi za misuli huumia kidogo kidogo. Nguvu huja baadaye, mtu akiwa amelala na tumbo lake lina chakula, mwili unapotengeneza palipoumia na kupafanya imara kuliko kwanza. Asiyepewa nafasi ya kulala na kula huumia leo juu ya maumivu ya jana.

Sisi wenyewe hapa Kenya tunaye Julius Yego, naye pia ni askari polisi, mtu wa Nandi, aliyezaliwa mwaka 1989. Katika nchi ambayo kila kijana wa kule hutazamiwa kukimbia, yeye alipenda kutupa mkuki. Mwalimu wa mkuki hakuwapo. Basi akaenda kwenye maduka ya intaneti, akakaa kuwatazama katika picha za video mabingwa kama Jan Železný wa Ucheki na Andreas Thorkildsen wa Norwei, akarudi uwanjani kujaribu aliyoyaona. Mwaka 2011 alipata dhahabu ya michezo ya Afrika kule Maputo, halafu akapelekwa Finland kufundishwa. Mwaka 2014 alishinda Glasgow michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2015 mjini Beijing alitupa mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Rio. Mwaka 2024 alikuwa amekwisha kutimiza miaka 35, akaenda Paris akawa wa tano. Umri huo ni wa wengi wetu humu ndani, na wako wanaojiita wazee.

Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800. Mfuko mdogo wa sukari ni mzito kuliko huo. Watu hudhani hutupwa kwa mkono. La, mkono ni wa mwisho. Nguvu hutoka ardhini, hupanda miguuni, hupita nyonga na kiuno, hufika kifuani, ndipo mkono huipokea na kuutupa. Ndiyo maana watupa mkuki hunyanyua vyuma vizito kwa mapaja na mgongo. Sasa watazameni vijana wetu wa makopo ya saruji. Kila jioni ni mikono na kifua, kifua na mikono, hata tunawaona wenye vifua kama milango ya bogi na miguu ya korongo. Na gunia ni kama mkuki. Anayelinyanyua kwa kuinama na kuvuta kwa mikono analiweka lote juu ya mifupa ya kiuno. Anayechuchumaa, akalikumbatia karibu na tumbo, akainuka kwa mapaja, huliweka pale Mungu alipoweka misuli minene.

Kupenda mwili wa kutazamwa si jambo jipya. Mwaka 1901 Eugen Sandow aliujaza ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London kwa mashindano ya miili mizuri. Hatumvunjii heshima, alikuwa na nguvu za kweli; lakini aliuza sana vitabu na vyombo vyenye jina lake, na picha hizi mnazoziona katika simu ni wajukuu wa biashara ile.

Mwenye faida kubwa zaidi kwetu ni daktari mmoja wa jeshi la Marekani, jina lake Thomas DeLorme. Lakini kwanza kuna hadithi ya Wayunani wa kale ya mpiga mieleka aitwaye Milo wa Croton, aliyekuwa bingwa mara nyingi huko Olympia zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Husimuliwa kwamba alimbeba ndama kila siku, ndama akakua, na nguvu zake zikakua pamoja naye, hata akaweza kumbeba fahali. Aliyefuga ng'ombe atacheka, kwa kuwa ndama huongezeka upesi kuliko misuli ya mtu. Hata hivyo maana yake ni njema: mzigo uongezwe kidogo kidogo.

DeLorme ndiye aliyeipa maana hiyo vipimo. Alipokuwa kijana aliugua ugonjwa uliomlaza muda mrefu, akajirudishia nguvu kwa kunyanyua vyuma. Katika Vita Vikuu vya Pili akawa katika hospitali ya Gardiner mjini Chicago, iliyojaa askari walioumia magoti na miguu. Desturi ya madaktari wakati ule ilikuwa kuwapa wagonjwa hao mazoezi mepesi tu, na wengi walikaa hospitali miezi na miezi. DeLorme akawapa uzito, wakapona upesi, na mwaka 1945 akaandika jinsi alivyofanya. Mwanzoni aliwataka wanyanyue mafungu saba hata kumi. Ilipofika 1948 alikwisha kuona kwamba matatu yanatosha.

Njia yake ni nyepesi, na atakaye aiandike. Tafuta uzito unaoweza kuunyanyua mara kumi sawasawa, ya kumi na moja ikakushinda. Huo ndio uzito wako, si wa jirani yako. Kisha anza na nusu yake, unyanyue mara kumi. Pumzika. Chukua robo tatu yake, mara kumi. Pumzika. Mwisho uchukue wote, mara kumi. Siku utakapoona kumi imekuwa rahisi na unaweza kupita, ongeza kidogo, kilo moja au mbili, si kumi. Kama uzito wako ni kilo 40, basi ni 20, halafu 30, halafu 40, ukaenda zako nyumbani. Askari wale walipumzishwa mwisho wa juma, nao walikuwa hospitali, wanalishwa, hawana kazi nyingine. Msisahau hilo.

Sasa twarudi kwa wazee wa gengi, maana hoja yao si ya kutupwa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa habari za wafanyakazi wa mabasi wa London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa zamu nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa kukusanya nauli. Iligunduliwa kuwa makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, ingawa mwajiri ni mmoja na mji ni mmoja. Baadaye, mwaka 1956, Morris huyo huyo akatazama vipimo vya sare zao akaona kwamba madereva walivaa suruali pana kiunoni hata tangu walipoanza kazi. Kwa hiyo si kiti peke yake kilicholeta tofauti. Tumeifurahia habari hii, kwa sababu inaonyesha kuwa hata karani wa sare akitunza vitabu vyake vizuri huweza kuwa msaada kwa madaktari.

Wako pia makuli wa San Francisco. Daktari Paffenbarger alifuatia maisha ya makuli 6,351 wa bandari ile kwa miaka 22, na mwaka 1975 akaandika kwamba wale waliofanya kazi nzito zaidi walikufa kwa moyo kidogo kuliko wenzao wa kazi nyepesi. Mzee wa gengi akisikia hayo atapiga meza aseme, "Si tuliwaambia!"

Pole pole, mzee wetu. Mwaka 2021 mtaalamu wa Denmark, Andreas Holtermann, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya kuwafuatia watu wazima zaidi ya 100,000 wa Copenhagen na vitongoji vyake. Waliojichosha kwa mazoezi katika saa zao wenyewe walikuwa na hatari ndogo ya moyo na ya kufa mapema. Waliochoshwa na kazi walikuwa na hatari kubwa zaidi. Jasho ni lile lile, lakini faida si ile ile. Sababu wanayoidhania ni hii: mazoezi huja kwa muda mfupi, moyo hupanda kasi kisha hushuka na kupumzika, kazi nzito huendelea saa nane, mwili umepinda, shinikizo la damu limepanda na halipati nafasi ya kushuka, na kesho asubuhi mtu huanza tena kabla hajarudisha nguvu.

Je, madaktari wanapingana? Sisi twadhani siyo, na tutawaambia kwa nini. Makuli wale wa San Francisco hawakuwa makuli wa hivi hivi. Mwaka 1934 waligoma kwa muda mrefu, baadhi yao wakauawa, na mwisho wake wakapata siku ya kazi ya saa sita. Baadaye wakapata na kikomo cha mzigo unaofungwa katika kombeo moja la winchi. Tena ilikuwa desturi yao nusu ya gengi ifanye kazi na nusu ipumzike, wakipokezana. Paffenbarger alipoanza kuwahesabu, mwaka 1951, walikuwa wamekwisha kuwa na chama imara miaka mingi. Na yeye mwenyewe aliona kwamba kilichowafaa ni kufanya kazi kwa nguvu nyingi na vipindi vya kupumua katikati. Basi hapo mwaona: kazi yao ilikuwa imepimwa karibu kama mazoezi ya DeLorme. Mzigo una kikomo, baada ya mzigo kuna pumzi, na baada ya zamu kuna usingizi. Aliyewapa hayo si daktari, ni chama chao.

Tuje kwa mama zetu, kwa maana habari za nguvu zikisemwa husahauliwa. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wataalamu wengine walitoa habari za wanawake wa Kijaluo wabebao kichwani na wanawake wa Kikuyu wabebao kwa ukanda wa kipaji cha uso. Waliwatembeza na mizigo huku wakipima pumzi zao, wakaona jambo la ajabu: mpaka sehemu moja katika tano ya uzito wa mwili, mama hao walitembea na mzigo bila ya kutumia nguvu zaidi kuliko kutembea mikono mitupu. Kupita hapo, nguvu zinazotumika huongezeka. Haya, fanyeni hesabu. Mwanamke wa kilo 60, sehemu moja katika tano ni kilo 12. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20 na zaidi. Siku bomba likikauka huku Kisauni au Likoni, mke wako anauchukua mara tatu nne, akirudi anapika. Kijana anayetoka jioni kwenda kunyanyua makopo ya saruji, na mtungi uko mlangoni unangoja mwanamke, sisi hatumwelewi.

Sasa, mizigo yetu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa shauri kwamba mzigo wa kuchukuliwa na mwanamume mmoja mzima, ukiwa unazidi kilo 55, upunguzwe haraka mpaka hapo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unapita chini yake. Gunia la kahawa la kilo 60 limezidi. Gunia la mahindi la kilo 90 limezidi kwa kilo 35, nalo ndilo lililokuwa kipimo chetu cha kawaida Kenya miaka nenda miaka rudi. Kwa viazi, kanuni za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamkataza mwajiri kumtaka mtu abebe kwa mikono mzigo ambao uzito wake waweza kumdhuru. Sheria hiyo haimngojei mtu avunjike kwanza.

Kwa hiyo jibu letu kwa ule ubishi wa chai ni kwamba kila upande umeshika nusu. Madereva wa treni, makarani, walinzi wa geti, na ninyi wa kwenye mitambo, kazi yenu ni ya kukaa au kusimama, mfano wa yule dereva wa London. Ninyi vyuma vinawafaa. Mara mbili kwa juma zatosha kuanzia, kwa njia ya DeLorme, nanyi mfanye miguu na mgongo kabla ya kifua. Mwenye shinikizo la damu au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza, na katika kunyanyua asizuie pumzi, atoe pumzi anapoinua. Jua la Mombasa si la Finland; nyanyueni baada ya alasiri, na maji yawe karibu. Unga wa makopo unaouzwa kwa bei ya nusu mshahara hamna haja nao. Maharagwe, mbaazi, dagaa na yai vinajenga misuli ile ile, pamoja na sima.

Ninyi wa gengi na wa kuchukua mizigo, msiongeze chuma juu ya siku ya reli. Mtu aliyeshinda na mtaimbo na beleshi la kokoto hahitaji kopo la saruji saa kumi na mbili jioni. Anahitaji chakula na kitanda. Siku yenu ya mazoezi ni siku ya mapumziko ya pili, si ya kwanza, na kama siku ya pili hamna, basi hilo ndilo la kuzungumza na wakubwa kabla ya vyuma. Reli hainyanyuliwi na watu pungufu ya hesabu yake eti kwa kuwa wawili hawakufika; nyapara akiamuru hivyo, mwiteni mjumbe wenu palepale. Na msiwe na haya kuomba mkokoteni. Bingwa wa dunia hutupa gramu 800 kwa ushauri wa mwalimu, nanyi mwataka kuonyeshana ubingwa kwa kilo 90 peke yenu.

Kamati imekubali ombi moja kabla ya mazungumzo yajayo juu ya mizigo. Kila sehemu ya kazi ichague mtu mmoja aandike, kwa siku saba za kazi mfululizo, uzito wa kila kitu kilichonyanyuliwa kwa mikono, watu wangapi walikinyanyua, na walipumzika muda gani kabla ya kingine. Msiandike kwa kukisia, kwa maana tutaulizwa. Karatasi zinapatikana kwa wajumbe wenu. Mizani iko kwa katibu wa tawi, nayo ni moja tu, kwa hiyo atakayeichukua asubuhi airudishe jioni ili wa Likoni wapate kuivusha kwa feri kesho yake.